Barua ya wazi kwa mjomba wangu aliyesoma Leipzig

Mjomba, shikamoo.

Kila nikikupigia simu unaniuliza lile lile: hao Wajerumani wa Mashariki walikuwa na kazi, nyumba na skuli za bure, waliviachia nini? Leo nakujibu hadharani, maana najua wazee wengi waliosoma huku Leipzig, mji wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki ya kijamaa, enzi zenu wana swali kama lako.

Hawakuviachia kwa hiari. Ukuta wa Berlin, uliowazuia kuvuka kwenda Magharibi, ulipofunguliwa Novemba 9, 1989, watu walikuwa wamedai haki ya kusema na kusafiri. Hakuna aliyeandamana ili kiwanda chake kifungwe. Lakini Julai 1, 1990, nchi mbili zikielekea kuungana, fedha yao ilifutwa, ikaingia marka ya Magharibi. Mishahara ilibadilishwa marka moja kwa marka moja. Akiba vilevile, hadi marka 4,000 kwa watu wazima wengi, na iliyozidi ikakatwa nusu. Furaha ilikuwa kubwa. Ila kiwanda kilichozoea kuwauzia Wasovieti na Wapolandi sasa kililipa mishahara kwa fedha ambayo wateja wake hawakuwa nayo. Wenyeji nao, waliochoshwa na foleni, wakakimbilia jamu na sabuni za Magharibi, za kwao zikabaki rafuni. Treuhand, shirika lililokabidhiwa maelfu ya makampuni ya umma liyauze, lilipomaliza kazi mwisho wa 1994, mamilioni walikuwa wamepoteza ajira.

Jirani yangu hapa Grünau, mtaa wa maghorofa wa Leipzig, ni mmoja wao. Alifanya kazi katika kiwanda kikubwa cha kusokota pamba upande wa magharibi wa mji, ambacho zama za ukoloni kilikuwa na mashamba yake ya pamba kwetu Afrika Mashariki. Siku hizi majengo yale yamejaa wachoraji na maonyesho ya sanaa. Kilipofungwa alikuwa na miaka arubaini na kitu: waajiri wanamwona mzee, na pensheni bado iko mbali. Njaa hakuiona, posho ilikuwepo. Kilichomkata maini ni kuambiwa na kijana wa ofisi ya ajira kwamba ujuzi wake hautakiwi popote, kisha kupelekwa kozi baada ya kozi ambazo hazikumpatia kazi. Na kiwanda, Mjomba, wewe unajua, hakikuwa mshahara tu. Palikuwa na chekechea, daktari, chakula cha mchana, nafasi za kwenda likizo baharini, na wenzako wa kusherehekea nao. Vyote viliondoka pamoja.

Tazama uzazi. Mwaka 1989 Ujerumani Mashariki ilipata watoto karibu 200,000. Mwaka 1994 hawakufika 80,000. Bei ya jamu haiwezi kumfanya mwanamke aogope kuzaa kiasi hicho. Hawa walikuwa hawajui tena mwakani watakuwa wapi. Vijana wakahamia Magharibi, kikubwa wasichana, na huku Grünau, palipokuwa na wakazi zaidi ya 80,000, maghorofa kadhaa yalibomolewa kwa kukosa watu.

Hapo ninakuunga mkono kwa moyo wote: walionewa. Lakini usiniambie kwamba zamani ilikuwa njema. Serikali ile uliyoipenda iliwapeleleza watu wake mpaka ndani ya ndoa zao. Tangu 1992 kila mtu ana haki ya kusoma faili lake, na makaratasi yaliyobaki, yakipangwa rafuni, yanapita urefu wa kilomita 100. Jirani yangu hajaliomba la kwake hadi leo. Anaogopa kukuta jina la rafiki anayekunywa naye kahawa. Na wewe ulikuwa mwanafunzi uliyekaribishwa kwa maua. Wafanyakazi wa mkataba kutoka Msumbiji na Vietnam walitengwa katika mabweni yao, na kwa miaka mingi mwanamke akishika mimba alilazimishwa achague kuitoa au kurudishwa kwao. Septemba 1991, katika mji wa Hoyerswerda huku Mashariki, umati uliwashambulia kwa mawe, na wakaondolewa kwa mabasi huku watu wakishangilia. Chuki ile haikuzaliwa kwa ukosefu wa kazi peke yake. Ilikuwepo, ikakatazwa kutajwa. Mimi napita barabara hizi na ngozi yangu hii, kwa hiyo hilo silichukulii wepesi.

Uliniuliza pia habari za mitaa yako. Karl-Marx-Platz ilirudishiwa jina la Augustusplatz mwaka 1990, na chuo chako kikaacha jina la Karl Marx mwaka uliofuata. Kwenye mabasi usiulize kwa majina ya zamani, ingawa wazee watakuelewa.

Nilimwambia jirani kwamba unaishi Michenzani, Zanzibar, katika maghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa nchi yake. Alikuwa hajui kabisa. Anauliza kama maji yanapanda hadi juu, na nani hukarabati ngazi. Mwandikie kwa Kijerumani chako, na nakuomba umwambie ukweli wote. Anwani nitakutumia kwa simu.