Mvueni helmeti askari wa kwenye muvi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua maana kuna jambo kwenye muvi na hadithi za kubuni za kisayansi limenikera muda mrefu. Ni hawa askari wa siku zijazo, wale wanaotumikia serikali katili inayotawala dunia nzima au galaksi nzima. Karibu wote ni walewale, nguo za chuma kuanzia utosini mpaka miguuni, helmeti imefunika uso wote, sauti inakwaruza kama redio mbovu, majina hawana wana namba tu, na steringi akifyatua risasi moja wanadondoka watatu na sisi tunashangilia.

Star Wars ya 1977 ndo iliukaza huu mtindo na wale askari wake weupe, na mpaka leo wengi wanaiga tu. Uso ukishafichwa mtazamaji haulizi kafa nani.

Ikaja The Force Awakens mwaka 2015, muvi nyingine ya Star Wars, na mwanzo wake kwakweli ulinipa moyo sana. Kuna askari anaitwa FN-2187, aliibwa kwao akiwa mdogo, hata wazazi hawajui, kalelewa kijeshi, halafu mwenzake anakufa mbele yake na kumpaka damu kwenye helmeti, wanaamriwa wawapige risasi wanakijiji, yeye anagoma. Baadaye anavua helmeti na tunamuona ni kijana anayehema kwa hofu. Nikasema haya sasa ndo mambo! Ila muda si mrefu huyohuyo anatoroka na ndege ya vita huku anawamiminia risasi wenzake aliokua nao jana, na anafurahia, na muvi inataka tufurahi naye. Sasa kama yeye aliibwa mtoto si na wale wengine waliibwa vilevile? Muvi ya 2019 ya mfululizo huohuo, The Rise of Skywalker, ikaleta kikosi kizima kilichowahi kugoma na kuweka silaha chini, wakapewa dakika chache tu za kujieleza, basi.

RoboCop ya 1987 ilishafanya vizuri zaidi zamani, ingawa wengi wanaikumbuka kwa bunduki tu. Murphy ni polisi wa Detroit, anauawa kinyama, kampuni inayoendesha polisi inauchukua mwili wake inamgeuza mashine na kumfuta kumbukumbu. Ndani ya kichwa wamemuwekea maagizo matatu ya wazi, alinde raia, asimamie sheria na kadhalika, halafu kuna la nne la siri, kwamba hawezi kumkamata bosi yeyote mkubwa wa hiyo kampuni, akijaribu anazima. Hilo agizo la nne kwangu ndo kiini cha udikteta wote, kuliko hata mizinga na maroboti, yaani sheria inamfikia kila mtu isipokua aliyemnunua askari.

Kuna na kipindi kimoja cha 2016 cha Black Mirror, ule mfululizo wa TV wa hadithi za teknolojia, humo anayefichwa uso ni adui. Wanajeshi wamewekewa chipu kichwani inayowafanya wawaone binadamu kama majitu ya kutisha, wanawaita mende, wanaua na usiku wanalala vizuri, mpaka chipu ya mmoja inaharibika anaona aliowaua ni watu tu. Na tusijidanganye kwamba hiyo ni ndoto ya kesho, Rwanda mwaka 1994 redio iliwaita Watutsi mende na haikuhitaji chipu yoyote.

Mwandishi Mmarekani Joe Haldeman yeye alipigana Vietnam akajeruhiwa, mwaka 1974 akatoa riwaya ya The Forever War. Askari wake anasafiri kwa kasi karibu na ya mwanga, kwake inapita miaka michache, duniani zinapita karne, kila akirudi dunia si ile aliyoiacha, mpaka anaamua kurudi jeshini maana hana pengine pa kwenda. Mtu aliyeyaona mwenyewe anaandika hivo, hana haja ya helmeti inayong'aa.

Waandishi wetu vijana mnaoandika hizi hadithi kwa Kiswahili, na najua mpo, naombeni muachane na jeshi la kuanguka tu. Mchukueni yule askari wa tatu kushoto anayekufa bila jina mtuandikie huyo, alichukuliwa wapi, kwao walitishwa au walilipwa, nani alisaini karatasi ya kumuwekea hiyo mitambo mwilini, na kwanini siku ile hakugoma. Nitaisoma yote.

Msomaji wenu wa kila siku