Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera: tufunge lenta

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, salaam.

Mimi ni fundi mwashi hapa Bukoba. Nakuandikia kuhusu tetemeko la ardhi, na kuhusu lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaozifunga kuta chini ya paa. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, nilikuwa juu ya milunda nikipandisha gebo, ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, ardhi ikatetemeka. Gebo lote lilikwenda chini, mimi nikabaki nimekumbatia mti. Mkoani petu walikufa watu wasiopungua 17.

Baadaye tulisikia mengi, laana ikiwemo. Mwalimu mmoja wa jiografia ndiye aliyenikalisha akanichorea kwenye mchanga wangu wa kujengea. Mimi nilidhani tunaelea juu ya uji wa moto. Akasema hapana: chini ya ganda la dunia kuna mwamba mgumu, wa moto mno, unaosogea polepole kwa mamilioni ya miaka. Uji wenyewe ni wa chuma, na kuufikia ungechimba karibu kilomita 2,900.

Akachora mikono miwili ya Bonde la Ufa. Wa mashariki unapita Natron na Manyara. Wa magharibi unapita ziwa Albert, Kivu, Tanganyika. Katikati kuna bamba dogo la Victoria, yaani kipande cha mwamba kinachosogea peke yake, nasi Bukoba tumekaa juu yake, upande unaoelekea ule mkono wa magharibi. Bara linaachana hapo kwa milimita chache kwa mwaka. Kwa fundi, milimita chache unazifunika kwa plasta. Mwamba hauna plasta. Hujibana miaka na miaka, kisha ukaachia kwa sekunde.

Tetemeko letu lilikuwa la ukubwa wa 5.9. La Rukwa mwaka 1910 linakadiriwa kufika 7.4, nako ni kwenye mkono huohuo wa magharibi. Kwa hiyo sisi hatujaonja kubwa.

Nilisaidia kubomoa kuta zilizobaki Hamugembe, hapa mjini Bukoba. Nilikuta tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa tope, pembe hazikufungamana, lenta hakuna, juu gebo zito limesimama peke yake. Nyingine nilizijenga mimi, nisifiche. Mwenye nyumba akisema nondo ni ghali, fundi mwenye njaa habishani. (Msonge wa babu zetu, miti na nyasi, ungeyumba tu.)

Ombi langu ni dogo. Lenta ya kuzunguka nyumba nzima, nondo nne na ringi zake, ikaguliwe kabla paa halijapandishwa, na vijijini pia, ambako nyumba nyingi huota bila kibali. Gebo liwe la mbao au bati, si tofali. Na mafundi tuitwe chuo cha ufundi cha VETA hata siku tatu, tufundishwe kufunga pembe. Watakaokataa kuja ni wachache. Wengi wetu tuliliona lile vumbi.

Wako,
Fundi mwashi, Bukoba