Kliniki yetu haipimi bikira

Msimu wa harusi ukikaribia, huja hapa kwetu Chake Chake kina mama wakiwa na binti zao, wakaomba kwa sauti ya chini: "Dokta, nitazamie huyu mwanangu kama bado mzima." Jawabu letu ni moja kwa wote. Kipimo hicho hatukifanyi, kwa sababu hakipo.

Kizinda, ambacho watu hukiita bikira, ni ngozi laini inayozunguka mlango wa uke, na kwa kawaida tangu mtoto anapozaliwa huwa na uwazi. Kingekuwa kimeziba, damu ya hedhi ingepita wapi? Kuna wenye kipana, kuna wenye chembamba hata hakionekani vizuri, na wapo walioolewa zamani ambao chao hakina alama yoyote. Kinavutika, na kikichanika kidogo hupona upesi. Hata daktari bingwa hawezi kukitazama akasema kwa yakini kama huyu ameshakutana na mwanamme au bado. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka kipimo hicho kikomeshwe kila mahali.

Na damu ya usiku wa harusi? Wanawake wengi hawatoki damu mara ya kwanza. Wanaotoka, mara nyingi ni kwa ukavu, hofu na pupa ya mwenzao. Binti aliyejitunza maisha yake yote anaweza kuamka na kisarawanda, kile kitambaa cha usiku wa harusi, cheupe pe, akaanza fungate yake kwa kushukiwa na kulia. Hili linatuuma sana. Kina somo, wale wanaomfunda bi harusi, ndio wanaosikilizwa chumbani. Tunawaomba wamueleze bwana harusi na wazee mapema, kabla hata shuka halijatandikwa.

Kipimo cha njia ya uzazi kina kazi nyengine kabisa. Tunatafuta sababu ya uchafu wenye harufu, maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo la ndoa, au dalili za awali za saratani ya shingo ya kizazi. Unakojoa kwanza, unapanda kitandani, unafunikwa kanga, unakunja magoti. Mkunga hutazama nje, kisha huingiza kifaa chenye mdomo kama wa bata na kukifungua taratibu mpaka aione shingo ya kizazi. Kwa saratani hupaka dawa ya aina ya siki na kusubiri dakika moja. Penye chembe zisizo za kawaida hugeuka peupe. Mwisho huingiza vidole viwili vyenye glavu, mkono mwengine ukibonyeza tumbo, apate kujua kizazi kimekaaje. Ni dakika chache. Utahisi kubanwa, ukiumia sema "basi", naye ataacha hapo hapo.

Binti ambaye hajakutana na mwanamme kwa kawaida hana haja ya kifaa hicho, na kipimo cha saratani hakijamfikia. Atuambie tu. Tunamtazama kwa ultrasaundi ya juu ya tumbo, na kwa hiyo anywe maji mengi wala asikojoe kabla.

Tafadhali msimfiche nyumbani kwa kuogopa "atatolewa bikira". Akiwa ameshaota matiti, tumbo linamsokota kila mwezi na damu haijawahi kutoka, mleteni upesi. Huenda ni yule mmoja wa nadra ambaye kizinda chake kimeziba kweli, damu inajikusanya ndani. Operesheni ndogo hospitalini humaliza tatizo.

Kwa kipimo cha ndani, njoo siku usiyo na hedhi, usijioshe ndani, na usiku wa kuamkia siku hiyo usikutane na mume. Mpimaji wetu ni mwanamke, na mama au dada yako anaweza kukaa pembeni ya kitanda ukitaka. Majibu anapewa aliyepimwa. Mama akituuliza mlangoni, tutamwambia amuulize bintiye.