Nimemsitiri aliyeiba karafuu, na asiye na hatia ndiye anayesemwa

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika safu yako ya ushauri ili nilieleze jambo lililoigawa familia yetu, ambalo siwezi kumuuliza mtu hapa kijijini bila ya kuenea kabla sijapata jawabu. Mimi ni mwanamke wa makamo, mkaazi wa Wilaya ya Wete, Pemba, na ndiye ninayesimamia shamba la mikarafuu tuliloachiwa na marehemu baba yetu. Warithi tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Wenzangu wote watatu wanaishi Unguja na hufika msimu unapomalizika, wakati wa kugawana.

Msimu uliopita tulipata mavuno mazuri. Karafuu zilichambuliwa usiku ule ule zilipochumwa na asubuhi zikatandazwa juu ya majamvi, kwa kuwa karafuu mbichi ikilundikwa huharibika ikashuka daraja. Kazi ya kuanika niliiacha mikononi mwa bibi mmoja mjane aliyeifanya tangu wakati wa baba, na ulinzi wa ghala usiku nikampa kijana wa jirani, yatima wa baba, ambaye nimemjua tangu anatambaa na ambaye sare zake za skuli nilizinunua mimi kila mama yake aliposhindwa.

Tulipofunga magunia na kuyapima tuliona upungufu. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, kwa sababu karafuu ikikauka hubaki na takriban theluthi moja tu ya uzito iliokuwa nao mbichi, na jua la leo si la jana, kwa hiyo pishi walizolipwa wachumaji haziwezi kulingana sawasawa na kilo zinazofikishwa kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Mwizi wa karafuu hujificha humo humo katika unyaufu. Hata hivyo, pengo lilikuwa kubwa kuliko linavyoweza kuelezwa kwa jua, na watu wakaanza kulitaja jina la bibi mwanikaji, kwa hoja nyepesi kwamba yeye ndiye anayezishika karafuu kutwa nzima.

Siku chache baadaye kijana alikuja kwangu mwenyewe, kabla ya sala ya alfajiri, akaniambia kwamba aliyeiba ni yeye. Gunia moja alikwishamuuzia mwenye mashua anayekusanya mizigo katika bandari bubu na kuivusha kwenda Kenya. La pili alilificha kwenye mikoko, likisubiri usiku wa kupakiwa. Hapa kwetu hakuna asiyejua kwamba kwa mujibu wa sheria karafuu huuzwa Shirika, wala hakuna asiyejua kwamba KMKM, kikosi maalum cha Serikali ya Zanzibar, wamewekwa baharini kwa kazi hiyo ya kuzuia magendo. Lakini mwenye mashua huwa hatafuti watu waovu. Hutafuta kijana mwenye shida anayelala karibu na ghala. Shida ya huyu ilikuwa mama yake, aliyetakiwa kwenda Unguja kwa matibabu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema aliona haya kuniomba tena, kwa kuwa nilikwishamsaidia mara nyingi. Mhariri, sikuwahi kufikiri kwamba wema unaweza kumfunga mtu mdomo namna hiyo.

Kilichomleta kwangu ni kwamba jana yake, nikiwa sijui lolote, nilimpelekea mama yake nauli ya meli na fedha kidogo za kujikimu. Kijana alirudi nyumbani akamkuta mama yake anafunga mzigo na kuniombea dua. Akaniambia, "Mama, ningelikuwa na subira ya siku mbili, mkono wangu usingeligusa kitu." Hakukamatwa, hakushukiwa, na lile gunia la pili angeliweza kulipakia na kunyamaza. Kwangu mimi aliyekamatwa na aliyejileta mwenyewe si watu wa daraja moja, na ndiyo maana nilimpa ahadi kwamba sitamtangaza, tukalitoa gunia kwenye mikoko, na tukakubaliana kwamba thamani ya lililokwenda atailipa kidogo kidogo kutokana na ujira wake. Sikumfukuza kazi. Tangu hapo hajakosa kulipa, na mwenye mashua alipomrudia kwa maneno matamu zaidi, alikuja kuniarifu siku ile ile.

Ndugu zangu niliwaeleza, kwa sababu mali ni yao pia. Dada yangu alinyamaza, na kaka mdogo akasema atafuata watakaloamua wengine. Kaka yetu mkubwa ndiye anayetaka jambo lifike polisi, na hoja yake si ya chuki. Alisema, "Wewe umesamehe fungu lako, langu hujaniuliza." Ni kweli kisheria na kidini, na fungu lake ni mara mbili ya langu, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Anasema vilevile kwamba tukimwachia huyu, mlinzi wa msimu ujao atajua kwamba shamba letu huibiwa na aliyeiba hupewa chai. Nilimjibu kwa kisa alichotusomesha ustadhi wetu, cha Sayyidna Abubakar na Mistah, jamaa yake maskini aliyekuwa akimtunza. Mistah alishiriki kumzulia Bibi Aisha, bintiye Abubakar, naye Abubakar akaapa kutompa tena kitu, kisha ikateremka aya ya 22 ya Sura An-Nur inayowataka wenye nafasi wasiape kuacha kuwapa jamaa na maskini, bali wasamehe. Naye akamrudishia posho yake. Kinachonigusa katika kisa hicho ni ile posho kurudi, kwa sababu kusamehe kwa ulimi huku ukimkatia mtu riziki ni kumrudisha kwa mwenye mashua. Kaka aliniambia kwamba Abubakar alitoa mali yake mwenyewe, si ya ndugu zake. Sikuwa na jawabu.

Chuo cha Mafunzo, yaani gereza la hapa kwetu Zanzibar, sikidharau. Nawajua vijana waliotoka huko na ufundi wa useremala unaowalisha mpaka leo, na nawajua wengine ambao tangu watoke hakuna aliyewafungulia mlango. Huyu, naamini, tayari amekwishageuka, na sioni adhabu itamgeuza kuelekea wapi tena.

Hata hivyo, kaka siye anayenikosesha usingizi, kwa sababu naye nikimlipa sehemu yake ya gunia, kama nilivyoanza kufanya, atakosa la kudai. Anayenikosesha usingizi ni yule bibi. Hakuna aliyemshitaki, hakuna aliyemwambia neno usoni, lakini mashamba mawili ya jirani yaliyokuwa yakimwita kuanika kila msimu yamekwishatafuta watu wengine, na katika shughuli za harusi hawekwi tena penye vyombo vya thamani. Nimesema hadharani kwamba ninamwamini na kwamba msimu ujao nitampa kazi ile ile. Watu wamelisikia hilo kama huruma ya tajiri kwa mwizi aliyezeeka, yaani doa limezidi kukolea. Nikisema kwamba ninajua kwa yakini si yeye, nitaulizwa ni nani basi, na waliolala karibu na ghala hawakuwa wengi.

Kijana analijua hili na linamtesa. Amejitolea kwenda kwa bibi mwenyewe kumwomba radhi, lakini bibi ana wanawe wakali, waliotukanwa kwa ajili ya mama yao, na sidhani kwamba watalipokea jambo hili wamekaa.

Naomba basi mnishauri, wewe na wasomaji wako, hasa wenye elimu ya sheria na ya dini. Je, ahadi niliyompa kijana inanifunga hata pale sitara yake inapomwumiza mtu mwengine, au inatosha nimwombe yeye mwenyewe anifungue? Je, ipo njia ya kulisafisha jina la bibi mbele ya watu, labda kwa kumshirikisha sheha na wazee wachache waaminifu, bila ya kijana kuishia mikononi mwa umati? Na akienda kwa bibi kuomba radhi, ni haki nimsindikize, au kwa kufanya hivyo nitakuwa nimemnyima bibi nafasi ya kukataa, kwa kuwa mimi ndiye ninayemlipa?

Majamvi tumeanza kuyashona na wachumaji wataitwa hivi karibuni. Ningependa nipate jawabu kabla bibi hajaja kuniuliza, kama anavyouliza kila mwaka, aanze kazi lini.

Naomba jina langu lisichapishwe.

Wabillahi tawfiq,
Msimamizi wa shamba, Wete, Pemba