Staji ya masta ya afya ya umma isiwe ya kupiga mihuri tu

Bwana mhariri, salamu toka Bukavu.

Naomba kasehemu kadogo. Sisi wanafunzi wa masta ya afya ya umma tunatumwa staji, ni kusema kujifunza kazi, kwenye biro ya zoni ya afya, tunafika, tunapewa kiti karibu na mlango, kisha ni kubeba fotokopi na kungoja siniatire ya shefu, na transporti tunajilipia wenyewe, na kuna mahali waliniomba hata pesa ya kunipokea, eti ni kwa ajili ya karatasi (karatasi gani hiyo?).

Kazi yenyewe iko kwenye santre ya afya. Fungua rejista ya konsiltasyo, ile kubwa yenye kurasa zimelowa pembeni, hesabu kesi za kuhara juma hili, linganisha na raporti iliyoingizwa kwenye DHIS2, ile programu ya kompyuta ya hesabu za afya, halafu uliza kwa nini hesabu hazipatane, hapo ndipo mtu anajifunza kufuatilia kolera kuliko miezi ya kukariri silaidi.

Na kazi haikosi kwetu. Mwaka 2023 mpox (ugonjwa wa kuambukiza wa vipele) ya aina mpya ilianzia Kamituga, hapa hapa Kivu Kusini, ikavuka mipaka, Agosti 2024 OMS, Shirika la Afya Duniani, ikatangaza hali ya dharura ya dunia. Kutafuta waliogusana na mgonjwa kunataka watu wengi wa kutembea, tena wanaojua lugha ya hapa.

Basi chuo na zoni waandikiane mkataba: ankadreri (msimamizi wa staji) mmoja anayejulikana kwa jina, kazi iliyoandikwa, na transporti hata kidogo.

Mwanafunzi wa masta, Kadutu