Kibano cha kipuli kilizama sikioni mwa mjukuu wangu

Mhariri,

Likizo ya muhula wa kwanza mwaka jana, mjukuu wangu wa miaka minne alikuja kwangu Bombo kutoka Kampala akiwa ametogwa masikio. Mama yake alimpeleka kwenye duka moja la vipodozi, akalipa shilingi 15,000 pamoja na vipuli, na kwa bunduki ya kutogea kazi ikaisha mtoto akiwa bado hajajua afanywacho. Nilipomwona nilipiga vigelegele. Sisi Wanubi binti bila kitu sikioni tunamwona kama hajamaliza kuvaa.

Wiki ya pili nilikuwa namsuka. Kipuli cha kulia kilikuwa kimekaa vizuri kwa mbele, lakini nyuma kile kibano hakikuwepo. Tukadhani kimedondoka. Tukakung'uta mkeka, tukafunua godoro, wapi. Ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, imevimba, inang'aa kama zambarau mbivu, na ukiigusa mtoto anaruka. Nikambeba mgongoni hadi kituo cha afya. Daktari akalikunja sikio taratibu kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia, "Mama, hebu sogea uone." Katikati ya usaha palikuwa na nukta ya chuma, ndogo kama punje ya mtama. Kibano hakikudondoka. Nyama ilikuwa imekimeza.

Alichomwa ganzi, akapasuliwa kidogo kwa nyuma, kikatolewa. Nilimshika kichwa kwa mikono yangu miwili, naye muda wote ananiita, "Haboba! Haboba!" yaani bibi, kana kwamba mimi ndiye ninayemuumiza.

Naandika kwa sababu nimegundua wengi wetu tunaiamini ile bunduki ya kutogea kwa vile ni ya kisasa. Mimi nilitogwa na nyanya yangu kwa sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye moto, uzi ukaachwa sikioni, kila asubuhi unazungushwa kwa samli. Siwaambii mrudi huko. Sindano ile ilipita masikio ya nusu ya mtaa, na leo tunajua homa ya ini na virusi vya UKIMWI husafiri kwa damu. Lakini bunduki nayo, nimeelezwa, haina sindano kabisa. Inakipiga kipuli chenyewe, ambacho ncha yake ni butu, kikapasua nyama kwa nguvu ya springi. Halafu kibano kinabana palepale, hakuna nafasi ya uvimbe, na uvimbe lazima uje. Ndivyo kinavyozama. Tena bunduki nyingi zina plastiki, haziwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke inayoua vijidudu kwa nyuzi 121. Zinapanguswa kwa spiriti tu. Binti yangu anasema mbele yake walikuwapo watoto watatu, na pamba iliyopangusia ilikuwa ileile moja.

Zipo bunduki ambazo kipuli hukaa ndani ya kifuko kilichofungwa, na kila kinachogusa sikio hutupwa baada ya mtoto mmoja. Hizo afadhali, kwa ndewe peke yake. Sehemu ngumu ya juu ya sikio isiguswe na bunduki ya aina yoyote: gegedu lina damu kidogo, likiingia vijidudu linaweza kuoza na sikio likakunjamana maisha yote.

Baada ya miezi sita, kovu lilipolainika, tulimtoga tena, kando kidogo ya pale pa zamani. Safari hii kwa muuguzi. Kwanza aliomba kadi ya chanjo. Alitaka kuona zile tatu za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu ndani yake imo kinga ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B. Hapo nilishtuka, maana kwetu binti zangu wote walitogwa siku ya arobaini, yaani siku mbili kabla hata ya ile ya kwanza kati ya hizo tatu! Basi arobaini tufanye dua na karamu, sikio lisubiri.

Akauliza pia kama ukoo wetu una makovu yanayovimba. Nikamtaja dada yangu, aliyeongeza tundu akiwa na miaka 16 na mpaka leo ana donge nyuma ya sikio. Muuguzi akasema ngozi nyeusi huwa nayo zaidi, na kwamba anayetogwa kabla ya miaka 11 ana hatari ndogo kuliko anayetogwa baadaye. Angekuwa mama mzazi mwenye donge hilo, angetushauri tuache kabisa.

Akanawa, akavaa glavu mpya, akamkalisha mtoto wima, akatia nukta mbili za kalamu na kumpa kioo achague mwenyewe kama zimelingana. Kisha akaichana pakiti ya sindano mbele ya macho yangu. Ni sindano yenye uwazi ndani, inakata njia safi badala ya kupasua. Ikatumika mara moja, ikaenda kwenye kisanduku cha kutupia. Vipuli nilipeleka mwenyewe: sonara alinitengenezea kutokana na hereni yangu ya dhahabu ya karati 18, mti wake mrefu kidogo, nyuma bapa, navyo vikapita kwenye mvuke. Vile vya rangi ya dhahabu vya bei rahisi mara nyingi vina nikeli, ndiyo inayowasha na kutoa maji. Asiye na dhahabu atafute titani.

Nyumbani ilikuwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, robo kijiko cha chai kwa kikombe, asubuhi na jioni, mikono ikioshwa kwanza. Hakuna spiriti, hakuna kuzungusha.

Tundu la ndewe linataka wiki 6 hadi 8 bila kuvuliwa kipuli. Likizo ya Mei na ya Agosti hazifiki hapo; ile ya Desemba mpaka Februari ndiyo inayotosha, na ndiyo tuliyoichagua. Hata hivyo mtoto alirudi shule akiwa amebakiza siku tisa, na mwalimu wa zamu akataka avue getini. Nilikwenda mwenyewe kuzungumza. Wakuu wa shule, najua kanuni ya kukataza vipuli ina sababu zake, lakini mtoto ambaye tundu halijapona mruhusuni akifunike kwa plasta hadi siku zake zitimie. Kukivua na kukirudisha kila siku kwa vidole vya uwanjani ni kumrudisha kwa daktari.

Haboba wa wajukuu sita,
Bombo, Wilaya ya Luweero