Pointi za kidato cha sita zinawachanganya wazazi

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu mkanganyiko wa pointi za kidato cha sita, unaozuka kila dirisha la udahili linapofunguliwa. Baraza la Mitihani la Tanzania likipanga madaraja, A ni pointi 1, B ni 2, hadi F yenye 7. Mwenye pointi chache ndiye bora. Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na mwombaji wa shahada anatakiwa kufikisha walau 4 katika masomo mawili yanayobeba kozi yake.

Chukua mwanafunzi wa tahasusi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) mwenye C ya Uchumi, D ya Jiografia na E ya Hisabati. Ana pointi 12, Daraja la Pili, na nyumbani wanashangilia. Akiomba kozi inayodai Jiografia na Hisabati, ana 3 tu. Hapiti, na ada ya maombi imekwenda. Mzazi (simlaumu) atadhani kuna mkono wa mtu.

Napendekeza hesabu zote mbili zionekane kwenye ukurasa wa matokeo, na walimu wa taaluma wawafundishe wanafunzi kuzikokotoa kabla hawajaondoka shuleni.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro